Alama zimeshuka kutoka 3.7 hadi 3.5: je, wafanyakazi wetu wamekata tamaa?

SWALI: "Habari za kazi. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni moja hapa Kigoma inayonunua, kukausha na kufungasha dagaa na migebuka, na pia inasambaza mawese. Tuko 94: ofisi ya Mwanga watu 30, ghala la Kibirizi 45, madereva na matingo 19. Mwaka jana tulituma dodoso la maswali 18 kwa kiungo kwenye grupu la WhatsApp, wakajibu 42, wastani ukawa 3.7 kati ya 5. Mwaka huu nilichapisha fomu nikazipeleka mwenyewe ghalani na kwa madereva, wakajibu 62. Wastani umekuwa 3.5. Mkurugenzi amekasirika. Anasema morali imeshuka na anataka tuandae semina ya kuhamasisha na tisheti kwa wote. Swali lililopata alama ya chini kuliko yote ni la mshahara, 2.1. Halafu yapo maoni ya kuandika kwa mkono. Moja linasema 'rosta inapangwa kwa kujuana'. Mawili yanasema baadhi ya akina dada wanaochambua dagaa wanapata zamu nzuri 'kwa makubaliano'. Mkurugenzi anataka nilinganishe mwandiko na barua za likizo tujue ni nani ameandika. Nimekutumia jedwali la majibu, halina majina. Nianzie wapi? Na hilo la mwandiko nimkatalie vipi?"

JIBU: Ndugu yangu, anzia kabatini. Chukua zile fomu 62, zifungie, ufunguo ubaki mkononi mwako. Mengine yanaweza kusubiri hadi Jumatatu, hilo haliwezi. Sababu nitaieleza nikifika kwenye mwandiko. Kwanza tuzungumze namba, maana ndiko mkurugenzi wako alikojikwaa, na wengi wetu tumewahi kujikwaa hapohapo.

Yeye anaona mwaka jana watu walikuwa kwenye 3.7, mwaka huu wako kwenye 3.5, kwa hiyo katikati kuna kitu kimeharibika. Nimekaa na jedwali lako jioni nzima na sijakiona kilichoshuka. Mwaka jana walijibu watu wote 30 wa ofisini, wastani wao 4.0, na watu 12 tu wa ghalani na kwenye magari, wastani wao 2.9. Mwaka huu ofisini wamejibu 26 kwa wastani wa 4.1, na ghalani pamoja na madereva wamejibu 36 kwa wastani wa 3.0. Soma tena taratibu. Ofisi imepanda kidogo. Ghala na magari nako kumepanda kidogo. Jumla yao imeshuka.

Inaonekana kama kiinimacho, kwa hiyo chukua kikokotoo. Thelathini mara 4.0 ni 120, kumi na mbili mara 2.9 ni 34.8, jumlisha, gawa kwa 42, unapata 3.69. Mwaka huu 26 mara 4.1 ni 106.6, na 36 mara 3.0 ni 108. Jumlisha, gawa kwa 62, unapata 3.46. Ninyi mnauza mawese, basi fikiria pipa. Mwaka jana mlimimina ndani yake madumu 30 ya mawese mazuri na 12 yenye mashapo. Mwaka huu mmemimina 26 mazuri na 36 yenye mashapo. Pipa la mwaka huu litaonekana chafu zaidi hata kama kila dumu, likitazamwa peke yake, ni safi kidogo kuliko la mwaka jana. (Watu wa ghala wanisamehe kwa mfano huu. Mashapo ni hali waliyowekewa, si wao.)

Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa. Kiungo cha WhatsApp kiliwafikia wenye simu janja, bando, na dakika kumi za kukaa kivulini. Wewe mwaka huu ulibeba karatasi hadi Kibirizi ukawafikia wale ambao mwaka jana walikuwepo kazini lakini hawakuwepo kwenye hesabu. Umefanya kazi nzuri, na kazi hiyo nzuri ndiyo iliyoshusha wastani. Mkurugenzi anapaswa kulijua hilo kabla hajaanza kutafuta nani ameharibu.

Ila usiende upande wa pili ukamwambia morali imepanda. Tofauti ya 0.1 kwa watu wachache hivi haina uzito. Katika kundi la watu 12, mmoja tu akijibu 3 pale ambapo angejibu 2, wastani wa kundi zima unasogea kwa 0.08. Huenda mtu huyo alikunywa chai yenye maziwa asubuhi hiyo. Tena wale 12 wa mwaka jana hawakuwa sampuli ya ghala. Walikuwa wale wa ghalani waliomo kwenye grupu la ofisi, na nina hakika nusu yao ni wasimamizi wa zamu na makarani wa mizani. Angalia na majira. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Dodoso likijazwa wakati wa kufunga ziwa, ghala likiwa tupu na watu wakihofia vibarua vyao, huwezi kulilinganisha na dodoso lililojazwa dagaa wakiwa wamejaa kwenye vichanja. Kwa ghala na madereva, andika wazi kwenye taarifa yako kwamba mwaka huu ndio mwaka wa kwanza. Mwaka kesho ndipo mtaanza kulinganisha.

Wakati uko hapo, kuna kosa jingine dogo nimeliona kwenye maelezo ya jedwali lako: 3.5 kati ya 5 umeiandika kuwa asilimia 70. Kipimo chenu kinaanzia 1, hakianzii sifuri. Mtu anayechukia kila kitu kuanzia lango hadi choo bado anapata 1, na kwa hesabu yako huyo ana "asilimia 20 ya kuridhika". Katikati ya kipimo ni 3, si 2.5. Ukitaka asilimia kwa lazima, toa 1 kisha gawa kwa 4: 3.5 inakuwa asilimia 62.5. Lakini mimi huacha kabisa asilimia za namna hiyo, nahesabu vichwa. "Watu 9 kati ya 27 wanakubali" inaeleweka na kila mtu, hata na mlinzi getini.

Sasa twende kwenye kilicho kikubwa. Pengo la 4.1 ofisini na 3.0 kwingine halitokani na chai ya mtu mmoja. Na ukitenganisha hao 36 unakuta madereva na matingo 9 wako 3.6, ghala watu 27 wako 2.8. Kwa hiyo "wafanyakazi wetu" kama kitu kimoja hawapo. Kuna ofisi iliyotulia, kuna barabara inayoenda enda, na kuna ghala linaloumia. Semina moja na tisheti moja kwa wote ni kumpa dawa hata asiyeumwa.

Usigawanye zaidi ya hapo. Najua utashawishika kutazama uhasibu peke yake, lakini uhasibu mna watu wanne. Hata kwenye kundi la watu sita, mmoja akihama kutoka 5 kwenda 1 wastani unaporomoka kwa 0.67, na mkurugenzi ataita mgogoro wa idara kitu ambacho ni hasira ya mtu mmoja. Kibaya zaidi, kila mtu atajua ni nani. Wengi wa fani hii huweka watu watano kuwa mpaka wa chini wa kutoa matokeo ya kundi. Kwa mji kama Kigoma, ambako mtu anajulikana kwa mkwe wake na kwa anakosali, mimi huweka wanane. Madereva wako tisa wamepona chupuchupu.

Na hata ndani ya ghala usiuamini wastani mpaka uone majibu yamekaaje. Tazama swali la 11, "Nikipata tatizo kazini najua wa kumwambia akanisikiliza." Wastani wa ghala ni 3.0, ungesema watu wako katikati. Lakini 12 wameandika 1, 12 wameandika 5, na watatu ndio walioandika 3. Hakuna aliye katikati, au tuseme wapo watatu. Ghala lenu limepasuka vipande viwili, na kwa kuwa fomu haikuuliza zamu siwezi kukuthibitishia, ila ningeanza kuuliza tofauti ya waingiao mchana na waitwao usiku, au tofauti ya msimamizi huyu na yule.

Mshahara. Kwamba umepata 2.1 na kuwa wa mwisho, usishtuke sana. Katika madodoso yote niliyowahi kuyashika, ya hospitali, ya viwanda, ya mashirika yanayolipa vizuri kuliko ninyi, swali la mshahara huwa chini au karibu na chini. Watu wachache sana husema mshahara wao unatosha, na mwenye akili hasemi kwa maandishi mbele ya mwajiri. Simaanishi mshahara si tatizo. Namaanisha kuwa alama ya chini haikuambii peke yake ni kitu gani kinachomfanya mtu aondoke au abaki. Kwa hilo kuna njia rahisi isiyohitaji programu yoyote ya kompyuta.

Funga mlango. Ondoa fomu za ofisi, bakiza zile 36. Tazama swali la 17, "Mwaka kesho wakati kama huu natarajia bado niwe hapa." Waliojibu 1 au 2 waweke kushoto, waliojibu 4 au 5 kulia, waliojibu 3 waweke pembeni. Kama dirisha liko wazi weka jiwe juu ya kila rundo, upepo wa ziwa ukizichanganya utaanza upya. Kisha kwa kila swali tafuta wastani wa rundo la kushoto na la kulia, uandike tofauti.

Nimeifanya kazi hiyo kwa jedwali lako. Kushoto kuna watu 15, kulia 13, pembeni 8. Mshahara: 1.7 kushoto, 1.9 kulia. Wanaotaka kuondoka na wanaotaka kubaki wanalalamikia mshahara karibu sawasawa. Glavu, mabuti na vifaa: 2.9 na 3.1. Sasa swali la 6, "Najua ratiba yangu mapema kiasi cha kupanga mambo yangu": 1.7 kushoto, 3.6 kulia. Na swali la 9, "Msimamizi wangu ananitendea haki sawa na wenzangu": 1.9 na 3.5. Mfanyakazi wenu anayefikiria kuondoka hatofautiani na mwenzake kwa pesa. Wanatofautiana kwa kuwa mmoja anajua kesho anaingia saa ngapi, mwenzake hajui.

Weka hilo pamoja na lile oni la "rosta inapangwa kwa kujuana" na picha inaanza kuonekana. Kazi yenu inafuata ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unapungua, giza likirudi mitumbwi inajaa na kufika mwaloni alfajiri kwa wakati wake yenyewe. Msimamizi wa ghala anapiga simu: wewe njoo, wewe pumzika. Kila simu ni pesa kwa anayeitwa na njaa kwa asiyeitwa, na anayeamua ni mtu mmoja mwenye simu mkononi. Mama mwenye mtoto mchanga anaitwa saa tisa usiku, hajui amwache na nani, akikataa mara moja wiki ijayo simu haiji. Hapo rosta imeacha kuwa ratiba, imekuwa mshahara, heshima na haki kwa pamoja, na ndiyo maana maswali ya 6 na 9 yametembea bega kwa bega.

Lakini niwe mkweli juu ya mipaka ya marundo haya. Mtu aliyechoka huweka alama ya chini kila mahali, kwa hiyo rundo la kushoto lingeweza kuwa chini kwa sababu ya hasira tu. Kinachonifanya niamini kuwa si hasira tupu ni glavu na mabuti: kama ingekuwa hasira, na hizo zingeporomoka, nazo hazikuporomoka. Hata hivyo tunazungumzia watu 28. Marundo yanakuonyesha mlango wa kubisha. Hayakuambii kilichomo ndani.

Kwa hiyo bisha. Kaa na watu wa ghala sita hadi wanane kwa mara moja, mara mbili au tatu, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Msimamizi wa ghala asiwepo, asiwe hata anapitapita. Usiwaulize "mnajisikiaje kazini", utajibiwa "tunamshukuru Mungu" na mkutano utakuwa umeisha. Uliza tukio: "Mara ya mwisho ulipoitwa usiku, ilikuwaje? Nani alipiga? Ulijua saa ngapi kabla? Asiyeitwa alikuwa nani?" Watu husita kutoa maoni, lakini kisa watakusimulia. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, mshirikishe mwenyekiti wake mapema, asije akasikia habari kwa watu.

Kabla ya vikao hivyo, fungua daftari la malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Ovataimu ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Saa za usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena mtu anastahili, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo. Linganisha haya na simu za saa tisa usiku. Ukikuta mnadaiwa, mkurugenzi ajue ya kuwa fedha alizotaka kununulia tisheti zimeshapata kazi.

Sasa mwandiko. Usiulinganishe, hata "kwa kuangalia tu". Juu ya fomu yako umeandika "Usiandike jina, majibu ni siri." Mtu wa Kibirizi aliamini maneno hayo akachukua kalamu. Ukimtafuta, ukimpata au usimpate, habari itafika ghalani kabla hujafika wewe, na mwaka kesho utaletewa fomu safi zenye 4 kuanzia juu hadi chini. Kisheria pia mnajitafutia matatizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusanyiwa. Barua za likizo ziliandikwa kwa ajili ya likizo.

Ungemwambiaje? Usimwambie "siwezi" ukaishia hapo, ataona unawakinga waasi. Mimi ningesema: "Mzee, nikikutafutia aliyeandika, tutampata mtu mmoja na tutapoteza macho 62. Wewe hukai ghalani saa tisa usiku. Hizi karatasi ndizo zinazokukalia kule. Naomba tuchunguze kilichoandikwa, tumwache aliyeandika." Kisha mpe kitu cha kufanya hapohapo, maana mkurugenzi mwenye hasira na asiye na la kufanya atarudi kwenye mwandiko. Mpe ile hesabu ya pipa, na hayo maswali mawili, la 6 na la 9. Ukurasa mmoja, bila michoro ya rangi. Ukishaingiza majibu yote kwenye kompyuta na mwenzako mmoja akahakiki, maoni yaandike upya kwa lugha ya kawaida, ukiondoa maneno yanayomtaja mtu, majina ya vijiji, hata neno la Kiha ambalo mtu mmoja tu hupenda kulitumia. Fomu zenyewe zikishamaliza kazi ziteketezwe, isipokuwa mbili.

Hizo mbili ni zile zinazosema zamu zinapatikana "kwa makubaliano". Usizihesabu pamoja na maoni mengine. Maoni ya rosta unaweza kuyapanga kwa mada ukahesabu mangapi yanasema nini, ila hapa hata fomu moja ingetosha. Inaweza kuwa neno lina maana nyepesi, pengine kubadilishana zamu kwa soda. Inaweza pia kuwa ni rushwa ya ngono, ambayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa la jinai. Wewe peke yako huna uwezo wa kujua ni ipi, na ukianza kuwaita akina dada mmoja mmoja ofisini kwako utawatia hatarini kabla hujajua lolote. Hapo tafuta msaada wa ana kwa ana, wiki hii. Zungumza na mwanasheria wa kampuni au afisa kazi wa mkoa juu ya namna ya kufanya uchunguzi wa ndani, na TAKUKURU iwapo dalili ni nzito. Wakati huohuo lipo jambo lisilohitaji kumtuhumu mtu: uwezo wa kugawa zamu utoke mkononi mwa mtu mmoja. Kama mkurugenzi akikuagiza ulizime hilo kimya kimya, liandike, uwe na nakala yako.

Rosta mnaweza kuirekebisha kwa gharama ndogo. Mwezi hauji kwa kushtukiza, kila mvuvi wa Katonga anajua giza linaanza lini. Gaweni ghala katika timu za kudumu na timu moja ya akiba inayozunguka, ya akiba ndiyo iitwe mitumbwi ikijaa kuliko kawaida. Rosta ibandikwe ukutani siku saba kabla, ikiwa na majina, na atakayebadilisha aandike sababu na asaini. Upo uwezekano kuwa siku mbili tatu kila mwezi mtazidiwa na mzigo kwa sababu timu mliyopanga haitoshi, na mtalipa ovataimu. Kubalini. Msimamizi atalalamika kwamba kazi ya ziwa haipangiki. Msikilize, yako anayoyajua kuliko wewe, ila kumbuka pia kwamba mabadiliko haya yanamwondolea simu yenye nguvu.

Semina ya kuhamasisha siipingi milele. Naipinga sasa. Ukimleta mtu wa kumwambia mama wa saa tisa usiku kwamba mtazamo chanya ni kila kitu, atapiga makofi, atavaa tisheti, na ataanza kutafuta kazi kwingine.

Lililobaki ni kurudi kwa watu, na hapa nina deni la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita, Tabora, nilifanyia utafiti kama huu mwajiri mmoja. Niliandika ripoti nene yenye rangi, nikaiwasilisha kwa menejimenti, tukala biriani, ikaingia kwenye droo. Hakuna aliyerudi kwa wafanyakazi, mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka uliofuata fomu nyingi zilirudi zikiwa na mstari mmoja wa kalamu ulioshuka kwenye safu ya "Nakubali" kutoka swali la kwanza hadi la mwisho, pamoja na lile swali la "Nafikiria kuacha kazi." Walikuwa wanakubali kila kitu, hadi kuondoka. Kwenye nafasi ya maoni mmoja alikuwa ameandika: "Tuliandika mwaka jana."

Rudi kwao ndani ya mwezi mmoja, usisubiri bajeti. Waite chini ya mwembe au palepale kwenye vichanja, saa ya kubadilishana zamu ili wote wawepo, mkurugenzi asimame mwenyewe. Aseme mliyosikia, kwa maneno yao yaliyosafishwa. Aseme mtakachobadilisha na tarehe yake. Aseme pia kisichowezekana mwaka huu na sababu yake, hasa mshahara, maana wakisikia rosta na wasisikie neno juu ya mshahara watadhani hamkusoma. Kama mshahara utatazamwa bajeti ijayo, aseme hivyo. Kama hautatazamwa, aseme hivyo pia.

Halafu usifanye dodoso jingine baada ya mwezi. Hesabu vitu: rosta imebadilishwa mara ngapi ndani ya saa 24 za mwisho, wangapi hawakufika zamu, wangapi wameacha kazi ghalani. Baada ya miezi mitatu peleka karatasi yenye maswali matatu tu, la 6, la 9 na la 17, kwa maneno yaleyale bila kubadilisha hata nukta. Ukibadilisha maneno umebadilisha kipimo.

Kwa mwaka kesho ongeza swali la zamu, lakini kwa makundi mawili makubwa tu, mchana na usiku. Weka angalau swali moja la kinyume, yaani ambalo kukubali ni dalili mbaya, kama lile la Tabora la kuacha kazi, ndilo litakalokuonyesha mstari wa kalamu. Wasiosoma vizuri wasaidiwe na mtu wa nje ya kampuni, asiwe karani wa mizani. Wale madereva na matingo 10 ambao hawakujibu, nadhani walikuwa njiani kuelekea Kasulu na Kibondo. Waachie fomu na bahasha wanapojaza mafuta. Na lile sanduku la kukusanyia, umeniambia kwenye jedwali kwamba lilikaa "ofisi ya msimamizi wa ghala". Litoe humo. Liweke karibu na bomba la maji, mahali ambapo mtu anaweza kupita kunawa mikono bila kuulizwa ameendea nini.